Saa tisa hadi saa mbili usiku, kijana wako yuko na nani?

Kengele ya mwisho ikilia alasiri, barabara za Ziba hubadilika rangi. Mashati meupe ya shule hutawanyika makundi makundi. Wengine wanashika njia za vijijini kwa miguu na baiskeli, wengine wanapotelea kwenye vichochoro vya senta.

Wasichana wengi wanajulikana wanakokwenda. Nyumbani kuna maji ya kuchota, ugali wa kusonga na mdogo wa kubeba mgongoni. Mama akirudi sokoni asimkute binti, ataulizia nyumba kwa nyumba kabla jua halijazama.

Mvulana wa miaka 15 haulizwi. Akirudi saa mbili usiku anakuta chakula kimefunikwa na sahani, anakula, analala. “Huyo ni mwanaume,” wazazi husema. “Atajijua.”

Hesabu ni rahisi. Kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku ni saa tano. Kijana mwenye vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku anakaa darasani saa tano na dakika 20. Kwa maneno mengine, muda anaofundishwa na walimu na muda anaofundishwa na mtaa karibu unalingana.

Walimu wake mzazi anawajua. Anakutana nao kwenye kikao cha shule na matokeo anayaona. Walimu wa zile saa tano nyingine ni akina nani?

<b>Shule zimekuja, jioni imebaki tupu</b>

Ziba ni kata ya Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Senta yake ina maduka, mashine za kukoboa, gereji, vibanda vya simu na vijiwe vya bodaboda kama senta nyingine nyingi za ukanda huu.

Tangu mpango wa shule za sekondari za kata uliposhika kasi mwaka 2006, na baada ya ada kufutwa hadi kidato cha nne Januari 2016, watoto wengi ambao zamani wangeishia darasa la saba sasa wanaingia sekondari. Hilo ni jambo la kushukuru.

Lakini nyingi ya shule hizo ni za kutwa. Mzazi aliyesoma bweni anakumbuka kengele ya michezo, kengele ya kula, kengele ya kujisomea na taa kuzimwa. Jioni yake ilikuwa mikononi mwa shule. Jioni ya mwanafunzi wa kutwa iko mikononi mwake mwenyewe.

Wapo pia wanaotoka mbali, ambao wazazi wamewapangia chumba karibu na shule. Vijana wenyewe huviita vyumba hivyo mageto. Kijana wa kidato cha pili anapika mwenyewe, anafua mwenyewe, na anaamua mwenyewe saa ya kulala. Mzazi anamwona mwisho wa wiki au mwisho wa mwezi, anapokuja na gunia la mahindi na fedha ya kodi.

Saa zikiwa tupu hazikai tupu. Senta ina mashine za bonanza zinazomeza sarafu. Ina vibanda vya kubeti, ingawa sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ina kibanda umiza ambako filamu haichagui umri wa mtazamaji. Na kuna kaka wa bodaboda anayemwachia pikipiki kwa nusu saa, bila leseni wala kofia ngumu.

Si kila kijana anayekaa kijiweni ameharibika. Wengi wanakaa pale kwa sababu ndipo penye watu wanaowasikiliza. Kijiweni anaitwa jina lake, anaulizwa mpira wa jana, anachekwa akikosea na anapongezwa akipatia. Hicho ndicho anachokitafuta, na mzazi asipokijua kiu hicho ataishia kupigana na kijiwe bila kukishinda.

<b>Palikuwa na shikome</b>

Wazee wa Kisukuma na Kinyamwezi hawahitaji kuelezwa haya. Walikuwa na jibu lao kabla ya shule.

Jioni, ng’ombe wakisharudi zizini, wanaume waliwasha moto uani. Wasukuma wanauita shikome. Wavulana walileta kuni na kukaa karibu na baba, babu, wajomba na majirani. Pale walisikia habari za mvua, mifugo, mipaka ya mashamba, madeni na ndoa. Walitegewa vitendawili, wakatumwa, wakakemewa, wakasifiwa.

Hakukuwa na mwalimu maalumu wala somo lenye jina. Lililokuwepo ni wakati usiobadilika, mahali pasipobadilika na watu wazima wale wale, kila siku.

Hata safari kubwa za karne ya 19 zilikuwa na sura hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi pwani, safari ya miezi. Wageni waliopita huku wakati huo waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa mwanaume kamili mpaka awe amefika pwani na kurudi. Kwa macho ya leo ni mtihani mkali, lakini hakuufanya peke yake. Mbele alikuwepo kirangozi anayeijua njia, na katikati walikuwepo wanaume waliokwishakwenda na kurudi.

Leo pwani ni safari ya basi ya siku moja. Mtihani wa kuwa mwanaume bado upo, ila kijana anaufanya bila kirangozi.

Shikome nayo isipambwe kupita kiasi. Wavulana walisikiliza zaidi kuliko kuuliza, na mambo mengi ya mwili na hisia hayakutajwa mbele ya wakubwa. Kijana wa sasa ana maswali ambayo babu hakuwahi kuulizwa: kuhusu picha anazoziona kwenye simu, kuhusu Virusi vya Ukimwi, kuhusu msongo wa mawazo. Anahitaji mahali pa kuuliza bila kuchekwa.

<b>Kufundisha peke yake hakutoshi</b>

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni semina. Aitwe mtaalamu, vijana wajazwe ukumbini, waelezwe madhara ya bangi na ngono zembe, wapewe soda, warudi nyumbani.

Mkoa wa Mwanza una la kusema hapa. Kuanzia mwaka 1998, mpango wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 za vijijini. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi walifundishwa afya ya uzazi, na wahudumu wa vituo vya afya walifunzwa kuwapokea vijana vizuri. Watafiti walifuatilia kwa miaka.

Vijana waliopata mafunzo walijua mengi zaidi, na mitazamo yao ikawa bora. Lakini maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hayakupungua kuliko kwa wenzao wasiopata. Kujua jambo na kulifanya wakati rafiki zako wanakutazama ni vitu viwili tofauti.

Dar es Salaam walijaribu kuanzia kijiweni kwenyewe. Mpango wa Vijana Vijiweni uliwafuata wanaume 1,258 kutoka makundi 59 ya mtaani, yale yanayoitwa kambi. Waliopangiwa mpango walipewa nafasi ya mikopo midogo, na viongozi wao wakafunzwa kuzungumza na wenzao kuhusu afya na ukatili. Baada ya miezi 30, magonjwa ya zinaa na ukatili kwa wenza havikuwa vimepungua kuliko kwenye kambi nyingine.

Matokeo hayo hayasemi kwamba vijana hawasaidiki. Wengi wa wanaume wale walikuwa watu wazima tayari, na mikopo na mazungumzo ya hapa na pale yalikuta tabia zimekwisha kukomaa. Waswahili walishasema samaki mkunje angali mbichi. Wa kumwahi ni yule wa miaka 12, 13 na 14, kabla kijiwe hakijawa nyumba yake ya pili.

<b>Kilichofanya kazi kwingine</b>

Mwaka 1987, katika mitaa ya Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA. Mwanzilishi wake, Bob Munro, raia wa Kanada, alianza na kitu ambacho wavulana wanakitaka bila kubembelezwa: mpira wa miguu wenye ligi na mwamuzi.

Ligi ile ina sharti. Timu inayojitokeza kuzoa taka za mtaa inaongezewa pointi kwenye msimamo. Vijana wakubwa wanawafundisha wadogo, na wanaojitolea zaidi wanaweza kulipiwa karo. Mvulana anakuja kwa sababu ya mpira, anabaki kwa sababu ana kazi, ana nafasi, na kuna mtu anayemtegemea Jumamosi ijayo.

Chicago nchini Marekani, jiji ambalo vijana wengi huumia kwa risasi, kuna mpango wa wavulana wa sekondari uitwao Becoming a Man. Wanakutana shuleni na kiongozi mmoja, kikao cha saa moja hivi kila wiki.

Zoezi lao moja mzazi anaweza kulijaribu nyumbani. Vijana wanagawanywa wawili wawili. Mmoja anashika mpira mdogo, na mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 za kuuchukua. Karibu wote wanakunjana, wanaminyana vidole, wanaangushana.

Muda ukiisha kiongozi anauliza: kwa nini hakuna aliyemwomba mwenzake mpira? Wengi hujibu kwamba wangeonekana wanyonge, au kwamba mwenzao asingetoa. Kisha anaulizwa aliyeushika: ungeombwa, ungetoa? Mara nyingi jibu ni kwamba pengine angetoa, kwani ni mpira tu.

Watafiti wa huko walifuatilia maelfu ya wavulana kwa kulinganisha walioingia na wasioingia. Katika kipindi cha mpango, kukamatwa kwa makosa ya vurugu kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50. Kundi la kwanza lilipofuatiliwa hadi mwisho wa shule, waliohitimu waliongezeka kwa asilimia 12 hadi 19.

Hawakufundishwa kwamba kupigana ni kubaya. Hilo wanalijua tangu chekechea. Walizoezwa kusimama kidogo kabla ya kutenda, wiki baada ya wiki, mbele ya mtu mzima wasiyetaka kumwangusha.

<b>Mwaka mmoja, au msianze</b>

Fundisho ambalo kila mzazi na kila kamati inapaswa kulibandika ukutani linatoka kwenye mpango mkongwe wa Marekani, Big Brothers Big Sisters. Mtoto mmoja anaunganishwa na mtu mzima mmoja wa kujitolea, na wanakutana mara kadhaa kwa mwezi. Wanakula, wanacheza, wanatembea, wanazungumza.

Utafiti wa mwaka 1995 uliohusisha watoto 959 wa miaka 10 hadi 16 ulionyesha kwamba waliounganishwa na mlezi walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza dawa za kulevya, na kwa asilimia 27 wa kuanza pombe.

Mwaka 2002 takwimu zile zilichambuliwa upya kwa kuangalia urafiki ulidumu muda gani. Waliokaa na mlezi wao mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao mlezi alikatisha ndani ya miezi mitatu walijiona duni kuliko walivyokuwa mwanzo.

Mzazi asiyeishi na mwenzake atalielewa hili haraka. Mtoto aliyekwishaachwa mara moja, akipewa mtu mwingine wa kumtegemea kisha naye akatoweka, anajifunza somo baya: kwamba watu wazima wote huondoka, na kwamba pengine kosa ni lake.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayetaka kuwasaidia vijana wa Ziba lisiwe fedha zitatoka wapi. Liwe hili: mwakani wakati kama huu, utakuwepo?

<b>Nia njema inaweza kudhuru</b>

Kuna makosa mawili ambayo wenye nia njema huyafanya.

La kwanza ni kuwakusanya watukutu peke yao. Inaonekana ni busara: waitwe watoro, wavuta bangi na wapiganaji, wakalishwe pamoja, washauriwe. Lakini vijana wa namna hiyo wakiwa peke yao husifiana makosa. Anayesimulia utundu mkubwa ndiye anayechekewa zaidi, na mdogo wao anajifunza.

Marekani walilionja hili katika utafiti wa Cambridge-Somerville, ulioanza mwaka 1939 na kuhusisha wavulana 506. Nusu yao walipewa washauri, msaada wa masomo na kambi za likizo. Walipotafutwa miaka 30 baadaye, waliosaidiwa hawakuwa bora kuliko wenzao, na kwenye baadhi ya mambo, kama ulevi na kurudia uhalifu, walikuwa na hali mbaya zaidi. Sababu zimejadiliwa sana, na mojawapo inayotajwa ni kule kukusanywa pamoja kambini.

Kundi zuri basi ni la mchanganyiko. Awepo mtulivu na mtundu, anayefaulu na anayefeli, wa geto na wa kwao.

Kosa la pili ni kumwamini kila anayependa watoto. Hili wazazi wa wavulana hulisahau, wakidhani hatari ni ya mabinti tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa takriban msichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7 maana yake ni kwamba katika darasa la wavulana 28, wanne wanabeba siri hiyo.

Kwa hiyo mlezi wa jioni, awe fundi, kocha, mwalimu au kiongozi wa dini, afuate masharti haya bila kuona amedharauliwa:

Mikutano ifanyike mahali pa wazi panapoonekana na wapita njia.

Wawepo watu wazima wawili, na asiwepo anayekaa na mtoto mmoja chumbani.

Hakuna kulala kwa mlezi, hakuna zawadi za siri, hakuna ujumbe wa simu ambao mzazi haruhusiwi kuusoma.

Ofisi ya kijiji au kata ijue nani anakutana na vijana, siku gani na wapi.

Mlezi mwema atafurahia masharti hayo kwa sababu yanamlinda na yeye. Anayekasirika mapema, mzazi amwangalie mara mbili.

<b>Ziba inaweza kuanzaje</b>

Hakuna haja ya kusubiri mfadhili wala bango. Wazazi watano wenye watoto wa kiume wa umri unaokaribiana wanatosha.

Kwanza, wachague watu wazima wawili wanaoheshimika na wanaopatikana. Si lazima wawe wasomi. Fundi seremala, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kocha wa timu ya mtaa: kila mmoja ana kitu cha kufundisha mikono ya kijana huku masikio yake yakifunguka.

Pili, wachague siku moja kwa wiki na saa moja isiyobadilika. Isiwe siku ya mnada. Msimu wa kilimo ukifika, kijana anapotakiwa shamba au machungani, muda ufupishwe lakini mkutano usifutwe. Hata nusu saa inamwambia kwamba bado anahesabiwa.

Tatu, kuwe na kazi ya mikono au mchezo kabla ya mazungumzo. Wavulana wengi hawazungumzi wakikalishwa uso kwa uso kama wako mahakamani. Wanazungumza wakikaza spana, wakipiga randa, wakimenya mihogo, wakitembea.

Nne, wiki moja kati ya nne iwe ya maswali ya afya. Ziba ina bahati ya kuwa wilaya moja na Hospitali ya Rufaa ya Nkinga, na wahudumu wa afya wapo vijijini. Wavulana waandike maswali kwenye vikaratasi bila majina, viwekwe kwenye kofia, mhudumu asome na kujibu. Maswali ambayo hayangeulizwa kwa mdomo yatatoka.

Tano, wakubwa wapewe wadogo. Kijana wa kidato cha tatu akikabidhiwa wawili wa darasa la saba kuwasaidia hesabu, atajichunga mwenyewe kwa sababu kuna anayemwiga.

<b>Fundi na kijana</b>

Kinachotokea kwenye mikutano kama hiyo mara nyingi hakionekani kama ulezi. Chukua mfano wa fundi baiskeli na mwanafunzi anayekaa geto, ambaye wiki iliyopita hakuja.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, baba. Jumatano hatukukuona.”

“Nilikuwa na shughuli.”

“Haya. Shika hapa, unisaidie kukaza.”

Zinapita dakika kumi za kimya na spana.

“Fundi, hela ya kodi aliyoleta mama niliipeleka kwenye bonanza.”

“Yote?”

“Yote.”

“Mama anajua?”

“Hajui. Akijua ataniua.”

“Hawezi kukuua, ila ataumia. Mwenye nyumba anaitaka lini?”

“Jumamosi.”

“Basi kwanza tufikirie utamwambiaje mama. La mwenye nyumba tutaliendea wote wawili.”

Fundi hakuhubiri. Hakutoa fedha pia, kwani angezitoa leo angefundisha kwamba bonanza lina bima. Alichofanya ni kumfanya kijana aseme ukweli kabla ukweli haujamkimbiza. Kijana asiye na fundi kama huyo angekopa, angeiba, au angepanda basi la kwenda mjini bila kuaga.

Na asingeyasema yale yote siku ya kwanza. Aliyasema kwa sababu Jumatano nyingi zilikuwa zimepita fundi akiwa pale pale.

<b>Kwa mama anayelea peke yake</b>

Wapo akina mama watakaosoma haya na kuona wanalaumiwa. Baba yuko machimboni, au mjini, au amekwenda na hakurudi. Mama anafungua meza saa kumi na mbili asubuhi na kuifunga usiku. Saa ya kukaa na kijana ataitoa wapi?

Mama huyo hana haja ya kuwa baba. Anachoweza kufanya ni kuchagua mwanaume mmoja au wawili wa kuaminika, kaka yake, mjomba, jirani au mwalimu, na kumwambia waziwazi: “Kaka, naomba Jumapili mchana uwe unakaa na mwanao.” Wanaume wengi hawajawahi kuombwa. Wanadhani kuingilia malezi ya mtoto wa mwingine ni utovu wa adabu.

Baba aliye mbali naye asijitoe. Simu ya dakika kumi kila Jumapili jioni, saa ile ile, isiyoanza na matokeo ya mtihani, ina uzito kuliko fedha inayotumwa kwa simu bila neno.

<b>Dalili za kutopuuza</b>

Kubadilika kidogo ni kawaida ya umri. Lakini mzazi asisubiri akiona kijana amekuwa na fedha au vitu visivyoelezeka, amekoma ghafla kwenda shule, halali au analala mchana kutwa, amejitenga na rafiki zake wote, ana majeraha yasiyo na maelezo, au anasema maneno ya kutamani kufa.

Maneno ya kufa yasichukuliwe kuwa utani wala utoto. Kijana apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.

Panapohusika ukatili, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea malalamiko ya wavulana sawa na ya wasichana. Mvulana aliyedhulumiwa asiambiwe “jikaze”. Ameshajikaza vya kutosha kufika mahali pa kusema.

<b>Kuanzia usiku wa leo</b>

Kuunda kundi kunaweza kuchukua mwezi. Kuna jambo ambalo halihitaji kamati.

Leo usiku, kijana akirudi, asikute sahani iliyofunikwa peke yake. Amkute mtu ameketi karibu nayo. Asiulizwe alikuwa wapi kwa sauti ya polisi. Asogezewe maji ya kunawa, aachwe ale tonge mbili tatu, kisha aulizwe: “Leo ulikuwa na nani?”

Huenda atajibu “washikaji tu.” Haidhuru. Kesho aulizwe tena, na kesho kutwa. Mzazi ahesabu itachukua siku ngapi kabla jibu halijapata majina ya watu. Siku atakapotaja jina la mtu mzima mmoja anayeaminika, katika zile saa tano atakuwa na kirangozi.